Taasisi ya Afya Ifakara kwa hesabu ya muuza vyandarua

Mimi si daktari wala mtafiti. Nina duka la vitu vya nyumbani hapa Ifakara: mabeseni, ndoo, mashuka, sufuria, na vyandarua tangu vilipoanza kuingia madukani kwetu kwa wingi. Kwa hiyo mtu akiniuliza Taasisi ya Afya Ifakara ikoje, hii ambayo wageni wanaiita IHI, namjibu kibiashara. Wameleta nini? Kilifanya kazi? Na kile kilichokataa, walisema au walikaa kimya? Huko mitandaoni naona sehemu kama hizi zinapewa nyota tano kwa sababu bustani inapendeza na mlinzi wa getini ana adabu. Sawa, lakini taasisi ya utafiti haipimwi kwa maua.

Kwa asiyeijua: ni taasisi ya Kitanzania, ina matawi Ifakara, Bagamoyo na Dar es Salaam, ambako ofisi iko Mikocheni. Ndani yake kuna madaktari, watu wa maabara, watu wa wadudu, watu wa takwimu, wachumi wa afya, na wale wa sayansi ya jamii ambao kazi yao ni kuketi barazani na mama mwenye nyumba wamsikilize. Mchanganyiko huo ndio ninaotaka kuuzungumzia, maana nimeuona ukifanya kazi mbele ya kaunta yangu.

Historia nitaipitia haraka. Mwaka 1949 alikuja mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Uswisi, akiitwa Rudolf Geigy. Hapa alikuta wamisheni Wakapuchini, Waswisi wenzake. Kilichomshika ni papasi, wale kupe wa kwenye sakafu za nyumba za udongo wanaoleta homa ya papasi. Miaka ya 1950 ikajengwa maabara ndogo ya Waswisi, na mwaka 1961 kikafunguliwa kituo cha kufundisha waganga wasaidizi wa vijijini. Mwaka 1996 maabara ile ikawa taasisi inayojitegemea, na mwaka 2008 ikapata jina la sasa. Baba yangu mpaka anafariki aliwaita "Waswisi", ingawa kwa miaka mingi wakubwa wa pale walikuwa Watanzania: Dk. Andrew Kitua, ambaye baadaye aliiongoza NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, halafu Dk. Hassan Mshinda, aliyetoka hapa kwenda kuiongoza COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Siku hizi mkurugenzi ni Dk. Honorati Masanja, mtu wa takwimu. Unaona mwenyewe kwamba pale hawachagui madaktari tu.

Sasa tuje kwenye mali.

Bidhaa yao ya kwanza kuipokea dukani ilikuwa chandarua chenye jina la Zuia Mbu. Mradi wenyewe uliitwa KINET, ulianza 1996, na mwaka 1997 vyandarua vikaanza kuuzwa katika vijiji vya Kilombero na Ulanga. Watu wengi wanadhani kazi ya mtafiti ni kugundua dawa. Hapa dawa ilikuwa imeshagunduliwa na chandarua kilikuwa kimeshajulikana kwamba kinakinga. Swali lilikuwa la kwangu mimi muuza duka: je, mkulima wa mpunga wa bonde hili atatoa hela yake mfukoni akinunue?

Kabla hata ya kuleta boksi la kwanza walituma watu kuuliza. Mnalala wangapi kitandani? Mnataka rangi gani? Mnajua malaria inatoka wapi? Pale ndipo wale wa sayansi ya jamii walipopata jambo ambalo daktari peke yake asingelipata. Watu walijua kabisa kwamba mbu analeta homa ya malaria. Lakini degedege, mtoto anapokakamaa na kugeuza macho, wengi hawakuihesabu kuwa malaria. Hiyo ilikuwa na chanzo chake na mganga wake. Sasa ukimwambia mama "chandarua kinazuia malaria" wakati anachokiogopa usiku ni degedege, umemuuzia dawa ya ugonjwa ambao haumkoseshi usingizi. Matangazo yakatungwa kwa kujua hilo. Mimi nilikuwa nasikia wateja wangu wakibishana juu ya degedege palepale dukani, nikajua kuna kitu kimewagusa.

Halafu rangi. Chandarua cheupe kwa wateja wangu kilikuwa na kesi mbili: kinaonyesha masizi ya koroboi upesi, na wazee walisema kinafanana na sanda. Cha rangi kilitoka haraka.

Hesabu ya msimu nayo waliifahamu, ingawa kwa hili hawakuwa na dawa. Bonde la Kilombero fedha ipo baada ya mavuno, Juni mpaka Agosti. Mbu wanafika na masika, wakati ghala limebaki mavumbi na watu wako shambani wamelala kwenye vibanda vya nyasi wakilinda mpunga na ndege. Yaani mwenye hela hana mbu, na mwenye mbu hana hela. Nilikuwa nauza vyandarua kwa wingi kipindi ambacho havihitajiki sana, na Machi mtu anakuja kukiangalia, anakishikashika, anakirudisha. Wengine nilibadilishana nao kwa mchele. Watafiti waliandika juu ya mzunguko huo wa mauzo, na ukweli nilifurahi kuona jambo ambalo kila mwenye duka analijua limekubaliwa kuwa ni elimu.

Mjamzito au mama mwenye mtoto mdogo alipewa hati kliniki, anakuja nayo dukani anapunguziwa bei, nami nairudisha nilipwe. Wako waliosema hati zitauzwa kama tiketi za basi. Udanganyifu ulikuwepo kidogo, lakini hati nyingi sana zilirudi zikiwa zimetumika kununulia chandarua kweli. Mwaka 2004 nchi nzima ikaanza mpango wa namna hiyohiyo, Hati Punguzo, na sisi wa Ifakara tulikuwa tumeshauzoea.

Tatizo lilikuwa kile kipakiti cha dawa. Chandarua cha siku hizo kilikuwa hakina dawa ya kudumu. Ulinunua na pakiti yake, unavaa glovu za plastiki, unachanganya dawa na maji kwenye beseni, unachovya, unakikamua, unakitandaza juu ya mkeka kivulini kikauke. Baada ya miezi kadhaa na kufua, unarudia. Hapo watu walikuwa wanakwama. Chandarua kinanunuliwa, kipakiti cha pili hakinunuliwi. Nilikuwa nabembeleza: mama, hii pakiti ndiyo inayoua, chandarua bila dawa kikishatoboka ni pazia. Wengine walisema dawa itawaletea vidonda, wengine walisema watanunua kesho. Vyandarua vya dawa ya kudumu vilipokuja, kazi hiyo ya kubembeleza ikaisha, na pakiti nilizobaki nazo sikujua nizifanye nini.

Matokeo yalitoka mwaka 2001 kwenye jarida la Lancet. Kabla ya mradi, watoto wachanga waliolala ndani ya chandarua chenye dawa walikuwa chini ya asilimia 10. Miaka mitatu baadaye walikuwa zaidi ya nusu. Na watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa, uwezekano wao wa kuishi uliongezeka kwa asilimia 27. Hii si takwimu ya maabarani. Ni vyandarua vilivyouzwa na watu kama mimi, kwa bei, kwa mkopo, kwa debe la mchele, vikafungwa na kamba za katani kwenye nyumba zenye matundu. Kwa hilo peke yake nawapa alama zote.

Baadaye, kati ya 2009 na 2011, serikali ikagawa vyandarua bure nchi nzima, kwanza kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kisha kwa kila sehemu ya kulala. Mauzo yangu yalikufa. Sina kinyongo: asiye na hela ya chandarua mwezi Machi amekipata. Ila mwenye duka akishaacha kuagiza, siku chandarua cha bure kimechanika na kingine hakijaja, mtu hana pa kukipata. Hilo bado sijaona mchumi wa afya aliyelimaliza.

Swali ambalo wageni huniuliza ni hili: walijuaje kwamba ni asilimia 27? Walijua kwa sababu wanatuhesabu. Tangu 1996 kuna mpango wa kufuatilia kaya katika vijiji vya Kilombero na Ulanga. Mtu mwenye begi na fomu (sasa tableti) anapita kila baada ya miezi michache: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama, nani kaja. Mlangoni una namba yako. Akikuta kuna msiba uliotokea, baadaye anakuja mwingine kuketi na wafiwa na kuuliza taratibu marehemu aliumwaje, ili sababu ya kifo ikadiriwe hata kama hakufika hospitali. Kazi hii haina picha nzuri ya kuweka gazetini. Lakini nchi yenye watu wanaozaliwa na kufa vijijini bila cheti, hayo madaftari ndiyo yanayoonyesha kama kitu kinasaidia au ni maneno.

Kuna watu wamechoka kuulizwa, nisifiche. Jirani yangu husema, "Wanajua watoto wangu kuliko mume wangu." Anasema huku anamletea mwuliza maswali kigoda.

Sasa chanjo, na hapa ndipo heshima yangu kwao ilipoongezeka, kwa sababu ya kushindwa. Miaka ya mwanzo ya 1990 walijaribu chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyotengenezwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia, kwa watoto wa kijiji cha Idete. Mwaka 1994 ikatangazwa: imepunguza malaria kwa asilimia 31. Ulikuwa ushindi, dunia ikageuka kuitazama Idete. Wangeweza kuishia hapo wakala sifa. Wakaijaribu tena hapahapa, kwa watoto wachanga, maana ndio wanaokufa zaidi. Ikatoka karibu na sifuri. Na hiyo sifuri nayo waliichapisha, mwaka 1999, kwa jina lao wenyewe. Mimi nimefanya biashara muda mrefu. Sijawahi kuona kiwanda kinachoandika kwenye boksi kwamba bidhaa yetu ya mwaka juzi, tumeipima tena, haifai.

Mwaka 2001 wakatoa jingine ambalo halikuhitaji kiwanda kipya wala ndege. Mtoto akija kliniki kwa chanjo zake za kawaida, miezi 2, 3 na 9, apewe pia dozi ya SP, dawa ya malaria iliyokuwepo tayari. Malaria ya mwaka wa kwanza ilipungua kwa asilimia 59, na upungufu mkubwa wa damu kwa nusu. Wazo ni jepesi mpaka unajiuliza mbona halikufikiriwa zamani: mama ameshapanda baiskeli, ameshafika, mtoto yuko mikononi mwa nesi. Mpe na hiyo.

Tawi la Bagamoyo silijui kwa macho sana, nalijua kupitia mdogo wangu aliyeolewa huko. Mtoto wake alikuwa kwenye majaribio ya RTS,S, chanjo ile kubwa ya malaria iliyojaribiwa kuanzia 2009 kwa watoto 15,460 katika nchi saba za Afrika, Bagamoyo ikiongozwa na Dk. Salim Abdulla. Anasimulia kwamba fomu ya ridhaa alisomewa kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, akaulizwa maswali kuona kama ameelewa, na kwamba hakuna aliyejua mtoto wake amechomwa nini. Wengine walichomwa chanjo ya malaria, na kwa watoto wa umri wa mwanawe, wa kundi la kulinganisha walichomwa ya kichaa cha mbwa, ili nao wasitoke mikono mitupu. "Kwa hiyo ama mwanangu amekingwa na mbu, ama amekingwa na mbwa," ndivyo alivyomweleza mama mkwe wake, na mama mkwe akaridhika. Ikaja kujulikana kwamba dozi nne zinapunguza malaria kwa kama theluthi moja na ushei kwa watoto waliofikisha miezi mitano. Si nyingi ukisikia haraka. Shirika la Afya Duniani liliipitisha Oktoba 2021, na Januari 2024 Kamerun wakaanza kuitoa kwenye kliniki zao za kawaida. Chanjo ya pili, R21, iliyopitishwa 2023, nayo Bagamoyo ilikuwa sehemu mojawapo ya kuijaribu.

Tena kwa upande wa dawa: mzazi yeyote aliyewahi kusaga kidonge cha mseto kwa kijiko na kumnywesha mtoto anayetapika ataelewa kwa nini nawashukuru kwa vile vidonge vya watoto vinavyoyeyuka kwenye maji, vyenye ladha ya cheri. Utafiti ulioonyesha kwamba vinatibu sawasawa na vile vichungu ulichapishwa 2008, na jina la kwanza pale juu ni la Abdulla. Kuna mambo mengine, kifua kikuu, na kliniki ya magonjwa sugu pale Hospitali ya Mtakatifu Francis inayofuatilia watu wanaotumia dawa za VVU kwa miaka mingi sasa. Nayaheshimu, lakini siyajui vya kutosha kuyatolea alama.

Ninachokijua ni mbu. Kijana wa kaka yangu anafanya kazi Mosquito City, kituo chao cha mbu pale Kining'ina, na kikundi chetu cha kina mama kiliwahi kupelekwa kutazama. Nendeni mkipata nafasi. Usitegemee majengo ya ghorofa. Utakuta mabanda makubwa ya fremu na wavu, kila moja limefunika kijiji kidogo kizima: nyumba yenye matundu ukutani, majani yamepandwa, vidimbwi vya maji, na mbu waliozaliwa humohumo, wasio na vimelea, wakiruka kama wako porini. Humo ndani wanajaribu kitu kabla hakijapelekwa kwa watu. Chumba cha kufugia kina joto la kukutoa jasho mgongoni. Mabeseni ya viluwiluwi yamepangwa kwenye rafu, yanapewa chakula kidogokidogo kama cha samaki wa mapambo. Mbu wakubwa wako kwenye vizimba vya wavu, na pamba iliyolowa maji ya sukari juu yake, kwa sababu dume halinywi damu kabisa, na jike nalo hula sukari siku asizotaka damu.

Yule kijana alinionyesha kikombe cha karatasi kilichofunikwa wavu, kimeandikwa kwa penseli namba ya nyumba na saa ya usiku. Ndani mna mbu kama kumi. "Shangazi, tazama anavyokaa." Mmoja alikuwa amelala sambamba na ukuta wa kikombe. Mwingine ameinua makalio juu, kichwa chini, kama sindano iliyochomekwa mshazari. Huyo wa pili ndiye anofelesi, mbu wa malaria. Baada ya hapo sijawahi kumuua mbu ukutani bila kwanza kumkagua mkao.

Zamani, ili kujua mbu wanang'ata saa ngapi, mtu alikaa nje usiku kucha na mguu wazi kuanzia goti kushuka, mbu akitua anamnyonya na mpira wa kunasia kabla hajang'ata. Kazi ya kulipwa, ndiyo, lakini mguu ni wako. Ndiyo maana nilipenda mtego waliobuni wa vyandarua viwili, kimoja ndani ya kingine: mtu anakaa ndani kabisa kwa raha zake, mbu wanaofuata harufu yake wanaishia katikati. Harufu ndiyo kila kitu. Hawa ndio wale waliopata fedha za kutafiti soksi zinazonuka kama chambo cha mbu, na watu wakacheka sana. Mtafiti aliyesimama na jambo hilo ni Dk. Fredros Okumu, Mkenya aliyelelewa kitaaluma hapa. Mwaka 2010 yeye na wenzake walionyesha kwamba mchanganyiko wa kemikali unaoiga harufu ya mtu unaweza kuwavuta mbu wengi zaidi ya mtu mwenyewe, wakiwekwa kwenye vibanda tofauti vilivyo mbalimbali. Tuliocheka soksi tulicheka bure.

Na wamegeuza hesabu yetu yote kuhusu ni mbu yupi wa kumwogopa. Katika vijiji vya hapa wamekuta anofelesi funestusi, ambaye si mwingi kuliko wote, ndiye mwenye zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi. Mbu mdogo mweusi, anapenda damu ya mtu, na hazai kwenye dimbwi la mvua la jana. Anataka maji yanayokaa: chemchemi, mabwawa yenye majani kandokando, vijito vinavyokwenda polepole. Ili kuyajua hayo waliwaita wanakijiji wachore ramani ya mahali mbu wanapozidi, na ramani za watu wasiojua kompyuta zikakaribiana na za mitego. Wakafundisha watu wa vijijini kutambua makundi ya madume yanayocheza angani jua linapozama, kusubiri majike. Upande wa pili kuna vijana wanaomulika mbu mkavu kwa mwanga usioonekana kwa macho, halafu kompyuta inasoma mwanga huo na kukadiria umri wake na ni wa aina gani. Bibi mwenye penseli na kijana mwenye kompyuta, taasisi moja, mbu mmoja. Huu ndio uchanganyaji wa taaluma ninaouelewa.

Bagamoyo wamekwenda mbali zaidi, wanatengeneza mbu waliobadilishwa jeni wasioweza kubeba vimelea vizuri, katika mradi wa Transmission Zero pamoja na NIMR na Imperial College ya London. Wamefungiwa maabarani. Dukani kwangu hiyo ni mada inayowasha moto: nusu wanasema ni ajabu ya Mungu, nusu wanasema tusichezewe. Mimi nasema wasifungue mlango wa maabara kabla ya kuja kukaa barazani kwetu kama walivyokuja kabla ya Zuia Mbu, na wakubali kwamba tunaweza kukataa.

Mapungufu? Yapo ya biashara hii yote ya utafiti. Kwanza fedha: sehemu kubwa inatoka nje, Uswisi, Uingereza, Marekani, Umoja wa Ulaya. Mfadhili akigeuka, mradi unafungwa hata kama mbu hajafunga. Pili, karatasi zenyewe zinachapwa kwa Kiingereza. Kuna mradi mmoja, si wa taasisi hii na sitautaja, ulikuja mtaani kwetu ukatoa watoto damu, ukaahidi kurudi na majibu, na gari lao sikuliona tena. Tangu hapo mtu yeyote akija na sindano namwuliza swali moja kabla ya mengine: majibu utayasomea wapi, na kwa lugha gani? IHI ina watu wa mawasiliano wanaoandika Kiswahili na mikutano ya vijiji inafanyika, lakini ningependa muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili kwa kila karatasi inayotoka, ubandikwe zahanati. Karatasi ni zenu, damu ni yetu.

Tatu, na hili ndilo langu hasa. Wana vitu vizuri ambavyo vimekaa kwenye majarida kuliko madukani. Wamechukua vipande vya gunia, wakavilowesha dawa ya kufukuza mbu iitwayo transifluthrini, wakavifunga kama utepe kwenye ule mwanya kati ya ukuta na paa, na mbu wakapungua ndani na hata nje barazani. Wamefanya hivyo kwenye viti, kwa watu wanaokaa nje jioni kabla ya kuingia ndani ya chandarua. Na wamefanya kwenye ndala. Mbu wengi wa jioni hushambulia chini, miguuni na kwenye vifundo, kwa hiyo kipande cha gunia chenye dawa kikishonwa kwenye ndala kinamkinga anayepika nje, anayevua samaki usiku, anayelinda mpunga. Si kinga kamili, wenyewe wanasema. Lakini fundi viatu yeyote wa hapa sokoni anaweza kuishona, gunia lipo, na mteja wa ndala ninaye kila siku, tena mwezi Machi, asiyekuwa na hela ya kitu kingine.

Kwa hiyo, mkisoma hapa mabwana na mabibi wa Kining'ina: kibali cha dawa kikipatikana, leteni. Nataka saizi za wakubwa kwanza, nyingi ziwe nyeusi na za bluu, nyeupe msiniletee. Bei isizidi ya ndala ya kawaida kwa zaidi ya nusu, au iwe na hati kama ile ya zamani. Na andikeni kwenye pakiti, kwa Kiswahili, dawa inaisha baada ya miezi mingapi, maana hilo ndilo swali la kwanza nitakaloulizwa.